Mwaka Nyumbani Kulipohamia Goba

Baba Zuhura alizikwa siku ya Ijumaa na mimi nilichelewa. Nilitoka nyumbani kwangu Goba asubuhi, nikakwama kwenye foleni, nikafika Chamazi watu wameshabeba jeneza. Nikafuata nyuma, nikatupa udongo wangu kaburini pamoja na wengine, nikarudi nao kukaa chini ya turubai. Hapo mzee mmoja aliyekuwa akiongoza mazungumzo akasema marehemu alikuwa mtu wa mpira, na kwamba yupo hapa mchezaji wa zamani aliyeishi naye nyumba moja kule Mtoni, aseme maneno mawili. Nikasimama. Nikasema marehemu alikuwa jirani yangu nilipokuwa kijana, na kwamba alikuwa hakosi mechi. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Nilitaka kuendelea, nikashindwa, nikakaa. Aliyekuwa pembeni yangu akanishika bega, akidhani ni uchungu. Uchungu ulikuwepo, sikatai, lakini kilichonikalisha ni aibu. Nilikuwa nimesimama mbele ya watoto wa marehemu, watu wazima sasa, nikiwasifia baba yao kwa jambo ambalo wao ndio walililipia.

Habari za kwetu sitazieleza hapa. Inatosha kusema nilitoka Songea na begi moja, na kwamba mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Asubuhi nilikuwa napeleka makaratasi ya mizigo kwenye ofisi za Kurasini, jioni nacheza kiungo katika timu ya mtaani kwetu Mtoni iliyoitwa Makuti. Nilipanga chumba kwenye nyumba ya vyumba sita, choo nyuma, kisima cha jirani. Kuta za vyumba zilikomea kwenye mtambaapanya, juu yake wazi hadi kwenye bati, hivyo mtu akikohoa chumba cha mbele wa chumba cha nyuma anampa pole. Chumba changu kilipakana na cha Baba Zuhura. Yeye, mkewe na watoto wao watatu waliishi kwenye vyumba viwili vilivyotenganishwa na pazia la maua, na mie kwa sababu ya ule uwazi wa juu niliishi nao bila kutaka. Nilijua mtoto yupi ana kikohozi. Nilijua Mama Zuhura akikasirika hapazi sauti, anaishusha. Mimi nilikuwa sina jiko, na Baba Zuhura alishaamua siku ya kwanza aliponiona nakula mkate na chai jioni kwamba mchezaji hawezi kuishi hivyo. Tangu hapo kila jioni Zuhura, binti yao mkubwa, alikuwa ananiletea sahani iliyofunikwa: ugali, mboga na kipande cha samaki.

Baba Zuhura alikuwa kibarua kwenye yadi za makontena. Hakuwa na ajira. Alfajiri anasimama getini na wenzake, nyapara anatoka, anaonyesha kwa kidole, wewe, wewe na wewe, na waliobaki wanarudi nyumbani. Akichaguliwa anashinda ndani ya kontena akibeba magunia na maboksi, anarudi jioni shingo imebabuka. Sijawahi kumsikia akilalamikia kazi. Jumamosi ikifika anaoga, anavaa shati lake la mikono mifupi, anakuja uwanjani kabla hata sisi wachezaji hatujafika. Uwanja wetu ulikuwa wa vumbi, hauna uzio, goli moja limeelekea barabara ya Kilwa na lingine limeelekea duka la Mzee Nassoro, Mwarabu wa pale pale Mtoni ambaye babu yake pia alikuwa na duka hapo. Mzee Nassoro Jumamosi alikuwa anafunga mlango mmoja, anaacha mwingine wazi, anaweka kiti chake mstarini ili auze huku akitazama. Baba Zuhura alisimama karibu na kibendera cha kona. Alikuwa na neno moja tu kwangu. Nikipokea mpira nimempa mtu mgongo, nasikia, "Festo, geuka," na nikigeuka kweli nakuta nafasi. Aliona uwanja kuliko mimi niliyekuwa ndani yake.

Nimefikiria sana baadaye kwa nini watu walikuwa wengi vile. Tukishinda wanajaa, hilo la kawaida. Lakini hata tukifungwa mechi kadhaa mfululizo walikuwepo, labda wamepungua kidogo, wanatutukana, wanatuita magunia ya chumvi, ila wapo. Kuja kwao hakukuwagharimu kitu. Mtu anavaa kandambili, anavuka mtaro, amefika. Mama anaweza kuacha maharage jikoni, akaja kutazama kipindi cha kwanza, akarudi kuongeza maji. Kofia ilizungushwa, mwenye chochote anatia, asiye nacho anaipitisha kwa mwenzake. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kupima kama mechi hii inastahili au haistahili. Sisi tulidhani wanatupenda kwa sababu tunajua mpira.

Mwaka ule tukapanda daraja. Mechi ya mwisho tulicheza na timu ya Kinondoni pale pale Mtoni, na bao nililifunga mimi kwa kichwa, kutokana na kona, upande ule aliosimama Baba Zuhura. Alikuwa wa kwanza kunifikia. Alininyanyua kama anavyonyanyua gunia, akanizungusha, na nakumbuka jinsi alivyonuka sabuni ya kufulia. Mzee Nassoro akachinja mbuzi. Tulikula pilau kwenye masinia mbele ya duka, wachezaji na watu wa mtaa pamoja, na mwenyekiti wetu akaja na shati jeupe akanishika mkono bila kuuachia wakati akizungumza na watu. Alikuwa na kampuni ya kutoa mizigo bandarini na alishajenga Goba, wakati huo Goba ikiwa milima, mikorosho na njia za udongo mwekundu. Nililala usiku ule nikijiona nimewafanyia watu wa Mtoni jambo kubwa. Mpaka leo sijui lile bao nilihesabu vipi. Kama kichwa kile kingepita juu ya mwamba, tungebaki daraja la chini kwenye vumbi letu, na mengi ya yaliyofuata yasingetokea.

Kikao kilifanyika stoo kwa Mzee Nassoro, watu wamekaa juu ya magunia ya mchele. Mwenyekiti akaeleza kwamba daraja tuliloingia linataka uwanja wenye uzio, vyumba vya kubadilishia nguo na geti la kukatia tiketi. Viwanja vya karibu vilikuwa vimeshachukuliwa na timu nyingine au bei yake haishikiki. Yeye amepata uwanja wa shule, una ukuta, una nyasi, karibu na kwake Goba, tena bure. Kutoka Mtoni kwenda Goba ni kuuvuka mji wote: Mtoni hadi Kariakoo, Kariakoo hadi Mwenge, halafu usubiri gari la kupanda kule milimani, ambalo linajaa ndipo liondoke. Baba Zuhura alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza kwa upole kabisa, "Sasa mwenyekiti, nyumbani kwetu ni wapi?" Mwenyekiti akajibu kwamba nyumbani ni pale tutakapojiandikisha. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa nawaza nyasi. Sikuwahi kucheza mechi ya ushindani kwenye nyasi maishani mwangu.

Mechi ya kwanza ya nyumbani kule Goba tulicheza mbele ya wanafunzi wachache wa bweni na mafundi waliokuwa wakijenga nyumba ya jirani, wamekaa juu ya ukuta. Watu wa pale hawakutujua, na sisi hatukuwa wa kwao. Nyasi zilikuwa nzuri kweli. Lakini kulikuwa na ukimya ambao sikuutegemea. Niliweza kumsikia kocha wa wapinzani akimnong'oneza msaidizi wake. Nilipokea mpira nimewageuzia watu mgongo, nikasubiri, hakuna aliyesema kitu, nikanyang'anywa. Tulitoka sare. Mechi iliyofuata, ya ugenini, tukashinda, habari zikafika Mtoni kwa redio. Tukashinda tena. Na hapo Baba Zuhura akaanza safari.

Nitaeleza ilivyokuwa, maana ilinichukua muda kuielewa. Tukifungwa, watu wa Mtoni walikaa kwao. Walisikitika, wakasema timu mbovu, wakabaki na nauli zao. Tukishinda, wanaume wanakutana kibarazani kwa Mzee Nassoro, wanachocheana, na Jumamosi ya mechi ya nyumbani kundi linaondoka asubuhi. Kwa wengi ilikuwa mara moja moja. Baba Zuhura yeye hakuacha. Safari ile ilikula nauli za kwenda na za kurudi, ikala kiingilio, na ikala siku ya kazi, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku ambayo yadi inahitaji watu. Mimi nikaona nimsaidie. Kila mchezaji alikuwa anapewa tiketi mbili za kugawa, nikawa nampa moja kila mechi, na nikajisikia vizuri. Sikufikiria kwamba kiingilio ndicho kilikuwa kidogo kuliko vyote. Kilichomla ni barabara, na tiketi yangu ndiyo iliyokuwa inamwita barabarani.

Jioni, baada ya kula, nilikuwa nawasikia juu ya ukuta. Mama Zuhura hakumgombeza. Alikuwa anauliza tu, kwa ile sauti yake ya chini, kesho watoto wataenda na nini shule, unga umeisha, mafuta ya vitumbua yamebaki ya siku moja. Alikuwa anauza vitumbua asubuhi, na mtaji wake ulikuwa hauvumilii kuguswa. Baba Zuhura anajibu kwamba Jumatatu ataingia kazini, mambo yatakuwa sawa. Kisha mkewe anasema timu imehama, mbona sie hatujahama, na yeye anasema, "Nisipokwenda mimi, nani atakwenda?" Mimi nipo upande wa pili, nimelala chali natazama bati, tumbo limeshiba chakula chao.

Jioni moja ya katikati ya wiki nilimaliza kula mapema nikaamua kurudisha sahani mwenyewe badala ya kumsubiri Zuhura. Pazia lilikuwa limefungwa pembeni kwa ajili ya joto. Walikuwa wamekaa mkekani kuzunguka sinia la ugali, na katikati kibakuli cha mchicha uliochemshwa. Hakukuwa na samaki. Sahani yangu mkononi ilikuwa na miba ya kibua, nimeifyonza vizuri hadi kichwa. Zuhura aliitazama ile miba, akaitazama kwa muda mfupi tu, kisha akarudisha macho kwenye ugali. Mama yake akainuka haraka, akaipokea sahani, akasema asante shemeji, kama vile mimi ndiye niliyemletea kitu. Baba Zuhura akanikaribisha nikae. Nikasema nimeshiba. Kesho yake sahani ikaja tena na samaki, na nikamwambia Zuhura airudishe, naumwa tumbo. Akairudisha, na baba yake akaja nayo mwenyewe, akakaa kwenye kitanda changu mpaka nikamaliza, kwa sababu Jumamosi kulikuwa na mechi. Nilikula. Na Jumamosi tukashinda.

Mama Zuhura alinisubiri siku chache baadaye. Nilikuwa naelekea kazini, yeye yupo uani anakaanga vitumbua. Akaniita, akanivutia kigoda. Aliniambia niketi, hatanichelewesha.

"Shemeji, nitakwambia kitu, usinichukie," alisema huku akigeuza vitumbua. "Mie nikiswali, namwomba Mungu mfungwe."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

"Mkifungwa, mwenzangu anakaa nyumbani, anaingia kazini, watoto wanakula. Mkishinda, na yeye ameshinda. Wanaofungwa ni sie wa humu ndani. Sikulaumu wewe, wewe kazi yako ni kucheza. Ila mwambie asije. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia."

Nilimwahidi nitamwambia. Na nilijaribu. Jioni ile nilimkuta Baba Zuhura amekaa kwenye kizingiti cha mbele, anakanda kisigino chake, nikakaa naye. Nikaanza kwa mbali. Nikasema uwanja wa Goba hauna raha, watu wenyewe wachache, jua kali, afadhali mtu asikilize matokeo redioni. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema jambo ambalo nimeishi nalo kuliko mabao yote niliyofunga.

"Festo, pale kazini nikiita mtu, hageuki. Nyapara ananionyesha kwa kidole, jina langu halijui. Uwanjani nikisema geuka, unageuka, na mpira unakwenda. Mie nikose hilo kwa ajili ya nauli?"

Ningeweza kumwambia pale pale. Ningesema, kaka, watoto hawali. Alikuwa mtu wa kusikia, asingenipiga. Lakini mbele yangu alikaa mtu ambaye furaha yake yote nilikuwa nimeishika mimi, na pia, nikiri, nilimhitaji. Bila sauti yake nilikuwa mchezaji wa kawaida. Nikanyamaza. Kisha ikaja mechi ya mwisho ya nyumbani, ambayo tukishinda tunamaliza nafasi za juu, na nikatafuta njia ya mtu mwoga. Nilimwambia kwamba mara hii wachezaji hawajapewa tiketi, zimefutwa. Haikuwa kweli. Zilikuwa mfukoni mwangu wakati nasema, na baadaye nilizigawa kwa wenzangu wa ofisini ambao wala hawakwenda. Nilidhani bila tiketi atakaa nyumbani, Mama Zuhura atapata alichoniomba, na hakuna atakayekuwa ameumizwa. Baba Zuhura akasema hakuna neno.

Jumamosi ile nilipotoka kupasha misuli nilimwona. Alikuwa kwenye kona, peke yake, na lile shati la mikono mifupi. Watu wengine wa Mtoni hawakuja, msimu ulishawachosha. Akanipungia mkono. Nilicheza vizuri mno siku ile, sijui niseme nini. Aliniita nikageuka, aliniita nikageuka, na bao la pili lilitokana na pasi niliyoitoa baada ya sauti yake. Tukashinda. Baada ya mechi mwenyekiti akasema timu yote inakwenda kwake, ni hapo jirani, kuna nyama imechomwa. Tulishaingia kwenye basi dogo Baba Zuhura alipokuja dirishani kwangu. Akauliza kama tunaelekea mjini. Nikamwambia hapana, tunakwenda kwa mwenyekiti kula. Akaangalia ndani ya basi, akaangalia njia, akatabasamu. "Kuleni," alisema, "mmestahili." Basi likaondoka. Kwa mwenyekiti kulikuwa na mbuzi mzima, ndizi za kuchoma, soda kwenye ndoo ya barafu. Mwenyekiti alinikalisha karibu naye na kunieleza kwamba kampuni yake inataka kijana mwenye akili, na kwamba yuko tayari kunisomesha. Nilikuwa nasikiliza maisha yangu yakipangwa, mafuta ya nyama yananichuruzika mkononi.

Yaliyotokea wakati huo niliyajua Jumapili mchana. Baba Zuhura alikuwa amelipa kiingilio kwa nauli yake ya kurudi. Alishuka kwa miguu kutoka Goba, akaukata mji, akafika Mtoni alfajiri nyayo zimevimba. Jumapili ile meli ilikuwa imeshusha mzigo mkubwa na nyapara alikuwa anachagua genge la kudumu nalo kwa miezi, kazi ambayo vibarua wote walikuwa wakiisubiri. Baba Zuhura alijilaza kidogo tu apumzishe miguu. Alipoamka jua lilikuwa limepanda. Alikwenda getini akichechemea, akaambiwa genge limejaa. Nilipoingia uani nikamkuta mkewe anamkanda miguu kwa maji ya chumvi. Akaniuliza tulikula nini kwa mwenyekiti. Nikamwambia nyama. Akasema vizuri, na akamweleza mkewe lile bao la pili, jinsi lilivyoanza, huku miguu iko kwenye beseni. Mama Zuhura hakuniangalia.

Hakupata tena nafasi pale getini. Alikuwa anakwenda, anarudi, anakaa kwenye kizingiti. Vitumbua vikasimama kwa kukosa mtaji. Sahani ikaacha kuja, na mara hii mimi ndiye niliyekuwa napeleka kitu, unga, sukari, na Mama Zuhura anapokea kwa adabu na kufunga pazia. Kabla ya mwezi wa Ramadhani walifungasha wakaenda kwa ndugu zao Mkuranga. Niliwasaidia kupakia kitanda. Baba Zuhura aliniaga akinisisitizia nisicheze nimewapa watu mgongo. Makuti wenyewe hawakudumu. Msimu uliofuata tulicheza mbele ya ukuta, tukafungwa sana, tukashuka, na mwenyekiti akahamia mambo mengine. Mimi nilikuwa nimeshaacha mpira. Nilikuwa chuoni, kwa fedha yake.

Nimejitetea mara nyingi. Nilikuwa kijana. Sikujua kama nauli ilikuwa ya kuhesabiwa vile. Mke ndiye aliyeomba. Yote ni kweli na hakuna hata moja linalonitosha. Nilipoanza kupata pesa nilinunua kiwanja Goba, kwa sababu mwenyekiti aliniuzia kwa bei ya chini, na nimezeeka huko. Ule uwanja wa shule sasa una maduka upande wa barabara. Siku za mechi kubwa naona vijana wamesimama kituoni na jezi zao, wanacheka, wameshika tarumbeta, na watu husema angalia timu ikishinda inavyojaza uwanja. Mimi huwa nawaza jikoni wanakotoka. Baba Zuhura nilimtembelea mara chache baada ya wao kurudi mjini na kujenga Chamazi. Kila nilipokwenda nilikuwa na ile habari ya tiketi mdomoni, na kila mara alianza yeye kunisimulia mabao yangu mbele ya wajukuu. Nikawa naondoka nayo vile vile.

Baada ya maziko nilisubiri eda iishe. Zuhura, ambaye sasa ni mwalimu, alinipigia simu kuniambia mama yake anaweza kupokea wageni, nikaenda Jumamosi mchana. Nilimkuta Mama Zuhura barazani, amekaa mkekani anachambua mchele kwenye ungo. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniambia nimenenepa. Tukazungumza ugonjwa, tukazungumza watoto. Halafu nikamwambia. Nilisema kwamba mechi ile ya mwisho tiketi zilikuwepo, nilimdanganya mumewe, nilitaka abaki nyumbani na sikuwa na ujasiri wa kumwambia wazi, ndiyo maana akalipa kwa nauli ya kurudia.

Mkono wake ulisimama juu ya mchele.

"Aliniambia nauli ilimdondoka," alisema.

Nikamwomba radhi. Alisema siku ile alikaa kwenye mswala tangu alasiri hadi magharibi.

"Sikuomba mfungwe siku hiyo. Nilichoka kuomba mfungwe. Nilimwomba Mungu amkalishe nyumbani, basi. Akamkalisha. Kila nilipomwona pale kizingitini, hana kazi, nilijisemea, si ndivyo ulivyotaka."

"Ulimwambia?"

"Ningemwambia nini, shemeji?" Akaanza tena kuchambua, polepole. "Kumbe tulikuwa wawili. Na yeye katikati hajui kitu."

Zuhura alituletea chai, akatuangalia mmoja mmoja, akarudi ndani bila kuuliza. Mama Zuhura alipeta mchele, akapuliza makapi, akauweka ungo pembeni. Kisha akaniuliza huko Goba kukoje, maana miaka yote ile alikuwa akilisikia tu hilo jina humo ndani kwao, na yeye mwenyewe hajawahi kufika. Nilitaka kumwambia kwamba nina gari, kwamba nitampeleka siku yoyote anayotaka. Nikamwambia ni mbali.